Joginder Singh, makanika aliyeitwa Simba

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, mji wa mashamba ya chai katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa Sikhi kutoka Punjab aliyevuka bahari katika miaka ya 1920 kuja kutafuta maisha Afrika Mashariki, na baadaye akawa na garaji yake mwenyewe. Joginder alikuwa kifungua mimba. Alipelekwa shule ya bweni Nairobi, na alipomaliza masomo akarudi kushika spana katika garaji ya baba. Alikuja kushinda mashindano ya Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na hakuna dereva aliyefikisha idadi hiyo kabla yake. Lakini kazi ya kwanza aliyoijua ni ya kufungua injini iliyokufa, kuosha vipande vyake kimoja kimoja na kuirudisha ikanguruma. Ushindi wake wote ulitoka humo.

Masikhi wa Afrika Mashariki walikuwa na sifa hiyo tangu zamani. Wengi waliletwa au walikuja wenyewe wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901. Walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na mafundi wa mitambo. Reli ilipokwisha hawakuondoka wote, na mkono uliozoea chuma cha reli ukahamia kwenye malori na magari madogo. Waswahili waliwapa jina la Kalasinga, na katika miji mingi ya Kenya na Tanzania ukisema unakwenda kwa Kalasinga, watu walielewa kwamba gari lako limeharibika. Lubumbashi nayo ilizaliwa na reli na shaba mwaka 1910, na msomaji wa huku hahitaji kuelezwa jinsi njia ya chuma inavyoacha nyuma yake ukoo mzima wa mafundi.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 26, Joginder aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ambacho wakati huo wa ukoloni kilikuwa na cheo cha kifalme katika jina lake. Alikuwa askari doria wao wa kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama waliokwama: rejeta iliyotoboka, klachi iliyoungua, gari lililozama tope hadi mlangoni. Ni kazi ya upweke, na aliyeifanya alipaswa kutengeneza kwa kile alichonacho, kwa sababu duka la vipuri lilikuwa mbali. Karibu na wakati huo huo akaanza kushindana. Umri wa miaka 26 ni wa kuchelewa kwa dereva wa mashindano, maana wengi huanza wakiwa vijana wadogo. Yeye alianza na faida nyingine: tayari alikwisha kuona kwa macho yake, mamia ya mara, mahali ambapo gari hukatika.

Mashindano aliyoingia yalikuwa na umri wa miaka michache tu. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka yake ya mwanzo yaliitwa Safari ya Kutawazwa. Wazo lilitoka kwa wapenzi wa magari wa Nairobi ambao hawakuona raha ya kuzunguka uwanja mmoja mara mia. Walitaka kupanda gari, kufunga mlango, kwenda nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani awe mshindi. Tangu mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na umbali wake ulikuwa karibu kilomita 5,000, uliopaswa kumalizwa katika siku nne au tano za Pasaka. Anayejua njia ya kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi apime mwenyewe: ni kama kwenda na kurudi mara nane mfululizo, usiku na mchana, na sehemu kubwa bila lami.

Utaratibu wake unahitaji kuelezwa, kwa sababu haufanani na mbio za magari zinazoonekana kwenye televisheni. Magari hayakuanza pamoja. Yaliondoka moja moja, yakiachana kwa dakika chache, na kila gari lilikuwa na dereva na mwelekezi aliyekaa kando yake na ramani, saa na daftari. Njiani kulikuwa na vituo vya ukaguzi, na kila kituo kilikuwa na saa ya kufika. Ukichelewa dakika moja unaandikiwa alama moja ya adhabu. Mwishoni zinajumlishwa, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari alikutana na mabasi, malori ya kahawa, ng'ombe, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na katika mbuga alikutana na twiga na tembo. Na kwa kuwa muda uliowekwa kati ya kituo na kituo ulikuwa mdogo mno kwa barabara zile, karibu kila mmoja aliandikiwa adhabu. Mashindano yakawa ya kuchelewa kidogo kuliko wenzako.

Halafu kulikuwa na mvua. Pasaka huangukia Machi au Aprili, wakati masika yanaanza Afrika Mashariki. Kipande cha njia ambacho wiki iliyopita kilikuwa vumbi jekundu kingeweza kuamka bwawa. Mabaya kuliko yote yalikuwa maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hunata kwenye magurudumu hadi gari linakaa juu ya tope lake lenyewe na kuzunguka bila kusogea. Wenye malori ya Katanga waliopita njia ya Mitwaba wakati wa mvua wanaijua hali hiyo. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka na saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo, saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao mashuhuri mwaka baada ya mwaka, na kwa karibu miaka 20 hakuna hata mmoja aliyeondoka na ushindi. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972.

Katika mashindano ya namna hiyo, kasi peke yake haina thamani kubwa. Dereva anayeingia kwenye shimo kwa kilomita 140 kwa saa anaokoa sekunde tano, kisha shokomzoba inapasuka na kituo kinachofuata anafika amechelewa saa moja. Joginder alilielewa jambo hili kuliko wenzake, na ndilo linalomtofautisha na madereva wengine wakubwa wa zama zake. Aliendesha kama mtu ambaye kesho yake atalala chini ya gari lile lile kulitengeneza.

Gari lililompa jina lilikuwa kuukuu. Mwaka 1964 Volvo ya Sweden ilileta Safari magari yake ya aina ya PV544, pamoja na Tom Trana, aliyetwaa ubingwa wa rali wa Ulaya mwaka huo. Hayakufua dafu. Kampuni ikayaacha Afrika, na moja likaangukia mikononi mwa Joginder. PV544 ilikuwa gari la mtindo wa zamani hata kwa macho ya wakati huo: mgongo wa mviringo kama kobe, kioo cha mbele kidogo, milango miwili, injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 1.8. Umbo lake lilitokana na gari lililobuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Lakini lilikuwa na bati nene na bodi ngumu. Makanika aliona ndani yake kile ambacho timu ya kiwanda haikukiona. Alilifungua, akalijenga upya, na akamchukua mdogo wake Jaswant kuwa mwelekezi.

Katika Safari ya 1965 nambari ya kuondokea ilikwenda kwa kura, na ndugu hawa wakapata nambari 1. Kuna faida katika kuondoka wa kwanza, kwa sababu mbele hakuna vumbi la mtu mwingine, na vumbi la Safari lilikuwa zito kiasi cha kumfanya dereva aendeshe kwa kukisia. Hasara ni kubwa zaidi. Wa kwanza ndiye anayefungua njia. Akifika kwenye tope hakuna alama za magurudumu za kumwonyesha wapi pameshika na wapi pametitia. Akifika mtoni haoni gari lililovuka au lililozama. Anayemfuata hujifunza kwa makosa yake. Joginder na Jaswant walifungua njia karibu kilomita 5,000, wakarudi Nairobi wakiwa bado wa kwanza, na tofauti kati yao na gari la pili ilikuwa ya zaidi ya saa moja na nusu. Katika mchezo ambao mara nyingi huamuliwa kwa dakika, hiyo ni nafasi kubwa sana. Ndivyo dereva wa asili ya Kihindi alivyoshinda Safari kwa mara ya kwanza, katika gari lililotupwa na wenyewe.

Mwaka wenyewe ulikuwa na uzito. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuamua kama watachukua uraia wa nchi mpya, na mwaka 1965 muda ulikuwa unakaribia kwisha. Mjadala juu ya Wahindi ulikuwa mkali mitaani na bungeni. Miaka michache baadaye maelfu walifungasha wakaenda Uingereza. Katikati ya hayo, watu waliosimama kando ya barabara siku ya Pasaka walimshangilia mtu mwenye kilemba na ndevu kama mmoja wao, mtoto wa Kericho. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Sikhi anayeruka. Wananchi walimpa jina lililo zito zaidi kwa Kiswahili: Simba wa Kenya. Kalasinga alikuwa jina la kila Sikhi. Simba lilikuwa lake peke yake.

Miaka tisa ikapita bila ushindi mwingine, ingawa hakuwa mbali nao. Mwaka 1969 alimaliza wa pili akiwa na Volvo, nyuma ya Robin Hillyar. Mwaka 1970 akawa wa pili tena, safari hii katika Datsun, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na Datsun kama hiyo. Wajapani walikuwa wamegundua kwamba ushindi wa Safari huuza magari Afrika nzima kuliko tangazo lolote. Mnunuzi wa Kampala au Bukavu hakujali nani ameshinda rali ya Monte Carlo kwenye theluji. Aliuliza gari gani limetoka salama kwenye tope analolijua yeye. Mwaka 1973, wakati ubingwa wa dunia wa rali ulipoanzishwa, Safari ikaingizwa humo mara moja.

Mwaka 1974 Joginder alikuwa na miaka 42. Alikuja na gari dogo la Mitsubishi, Lancer 1600 GSR, na mwelekezi mpya, David Doig. Mitsubishi ilikuwa bado haijashinda rali yoyote ya ubingwa wa dunia. Mpinzani mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, aliyeletwa katika Porsche 911 Carrera yenye injini ya lita 2.7, kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko injini ya Lancer. Kwenye barabara iliyonyooka hapakuwa na ushindani baina ya magari hayo mawili. Lakini Safari haikuwa barabara iliyonyooka. Porsche ilipata shida za sehemu za chini, zile zinazopokea kila shimo na kila jiwe, na Lancer ikaendelea kufika kituo baada ya kituo. Joginder alishinda, Waldegård akawa wa pili. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa ubingwa wa dunia, na jina la Lancer likaendelea kuitwa katika rali kwa miongo mitatu iliyofuata.

Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, na Lancia Stratos mbili za Italia zikachukua nafasi ya pili na ya tatu. Watu wakaanza kusema zama za magari madogo na madereva wenyeji zimekwisha. Pasaka ya 1976 ilitoa jibu lililo wazi. Joginder na Doig walishinda tena na Lancer 1600 GSR. Nyuma yao akaja Robin Ulyate, na nyuma ya Ulyate akaja Andrew Cowan wa Scotland, wote katika Lancer. Mitsubishi ilichukua nafasi tatu za mwanzo, na hakuna Stratos iliyofika jukwaani. Simba akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Kwa wakati huo mashindano yenyewe yalikuwa yamebadilika sura. Uhusiano kati ya Kenya, Uganda na Tanzania ulikuwa umeharibika, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika mwaka 1977. Njia iliyokuwa ikivuka mipaka mitatu ikabaki ndani ya Kenya, na katikati ya miaka ya 1970 jina likawa Rali ya Safari. Dereva aliyekuja kuipita rekodi ya Joginder alikuwa mwenyewe zao la misukosuko hiyo: Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945, ambaye familia yake ilipoteza makazi yake Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mehta alishinda Safari mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa hesabu ya ushindi yeye ndiye mkubwa zaidi.

Kuna hesabu nyingine, hata hivyo, ambayo mafundi huitaja kabla ya ile ya ushindi. Joginder aliingia Safari mara 22, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1980, na akamaliza mara 19. Ikumbukwe ni mashindano gani haya: yale ambayo mwaka mbaya yaliacha magari saba tu yakitembea, na ambayo hata mwaka mwema yaliacha magari mengi porini. Katika maisha yake yote ya Safari, miaka zaidi ya 20, gari lilimshinda au bahati ilimkataa mara tatu tu. Na hakuwa amekaa na gari moja wala kampuni moja. Alipita katika Volvo, Datsun na Mitsubishi, na katika kila moja mkono ulikuwa ule ule.

Mkono huo ulianza kazi mapema kabla ya Pasaka. Alishughulika na maandalizi ya gari mwenyewe, kwa hiyo alijua kila nati ilivyokazwa na ipi ingelegea kwanza. Alipita njia ya mashindano kabla, akijifunza mashimo na vivuko. Alipokuwa kwenye usukani alisikiliza. Makanika wa zamani hutambua beringi inayokufa kwa mlio wake kabla haijakwama, na hujua kwa harufu kama ni breki au klachi inayoungua. Dereva asiyejua kutengeneza hutambua pale gari linaposimama. Kati ya kituo na kituo, tofauti hiyo ilimpa nafasi ya kupunguza mwendo mahali panapostahili, na kuongeza pale ambapo gari lingeweza kuvumilia. Watazamaji wa kando ya barabara waliona kasi. Kile ambacho hawakuweza kukiona ni kile alichokizuia.

Baada ya mwaka 1980 hakurudi tena katika Safari. Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, na akafariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Wakati huo rali aliyoitawala ilikuwa imeshuka hadhi: mwaka 2002 ulikuwa wa mwisho kwake katika ubingwa wa dunia, kwa upungufu wa fedha na maandalizi. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Colin McRae wa Scotland, aliyefikisha ushindi wa tatu kama Joginder. McRae alipendwa Kenya kiasi kwamba dereva mmoja Mkenya wa kizazi hiki, mtoto wa dereva, anaitwa McRae Kimathi.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha kando ya ziwa. Si ile ya kilomita 5,000 tena. Sehemu zinazopimwa muda hazifiki kilomita 400, barabara hufungwa kwa watu wengine, na mafundi wana saa zao maalumu za kugusa gari. Mawe, vumbi laini kama unga na mvua ya ghafla vimebaki, na hata magari ya timu kubwa huweza kukatika magurudumu yakiwa mbele. Machi 2025 mshindi alikuwa Elfyn Evans wa Wales, katika Toyota. Baba yake, Gwyndaf Evans, alikuwa naye dereva wa rali, na familia ina garaji huko Dolgellau, mji mdogo wa milimani.